Kompyuta Isilale Kazini: Somo Kutoka Ufukoni mwa Ziwa Victoria

Kila mwenyeji wa Mwanza anaifahamu ngurumo ya alfajiri. Wakati wa mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu hujengeka juu ya vilima. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, lakini maji ya Ziwa Victoria, yenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, hubaki na joto lake. Upepo huanza kuvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na kwa kuwa nchi kavu imelizunguka ziwa pande zote, hewa hukutana juu ya maji na haina pa kwenda ila juu. Hewa hiyo yenye unyevu mwingi hupanda, hupoa, na kuzaa mvua za radi kati ya usiku wa manane na mapambazuko. Wavuvi wa dagaa, ambao huvua kwa taa katika usiku usio na mwezi, wanaijua hatari yake kuliko mtu mwingine yeyote.

Lakini yuko mtu mwingine anayepaswa kuijua ngurumo hiyo, naye ni yule anayeiachia kompyuta kazi ndefu jioni, akafunga mlango na kwenda kulala akitumaini kukuta majibu asubuhi. Radi ikipiga njia ya umeme, kazi yake yaweza kupotea yote. Na hata pasipo radi, kompyuta yenyewe yaweza kusinzia saa moja baada ya yeye kuondoka, ikalala hadi arudi.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini kompyuta hulala, namna ya kuizuia isilale wakati wa kazi muhimu, na jambo la tatu ambalo aghalabu husahauliwa: namna ya kuipanga kazi yenyewe ili isipotee hata kama kompyuta itazimika. Kwa maoni yangu jambo hili la tatu ndilo kubwa kuliko yote.

KWA NINI KOMPYUTA HULALA

Kompyuta za zamani hazikulala. Kompyuta ya kwanza nchini mwetu, iliyofungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilikuwa ya aina ya ICT 1500. Mitambo ya namna hiyo ilijaza chumba kizima, na watu maalumu waliajiriwa kuihudumia. Mtambo wa bei kubwa kiasi hicho haukuwekwa ili ukae bure, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kuutengenezea usingizi.

Mambo yalibadilika kompyuta zilipokuwa ndogo na kuenea mezani mwa watu. Ilionekana kwamba mamilioni ya mashine yalikuwa yakiwaka mchana kutwa na usiku kucha bila mtu wa kuzitumia. Mwaka 1992 idara ya hifadhi ya mazingira ya serikali ya Marekani ilianzisha alama ya Energy Star ili kuvitambulisha vifaa visivyopoteza umeme, na kompyuta na skrini zake ndizo zilizokuwa bidhaa za kwanza kupewa alama hiyo. Desemba 1996 makampuni ya Intel, Microsoft na Toshiba yalitoa kanuni za pamoja ziitwazo ACPI, zinazoiwezesha programu kuu ya kompyuta kuamua ni sehemu gani ya mashine ipewe umeme na ipi inyimwe. Kanuni hizo, pamoja na marekebisho yake, zinatumika hata leo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usingizi wa kompyuta si hitilafu. Ni jambo jema lililowekwa kwa makusudi, hasa katika kompyuta mpakato inayotegemea betri. Tatizo huzuka pale ambapo jambo hilo jema linafanyika kwa wakati usiofaa.

HALI NNE ZA KOMPYUTA

Watu wengi wakiona skrini nyeusi husema kompyuta imelala. Kusema hivyo ni kuchanganya hali nne tofauti, na asiyezitofautisha hawezi kujikinga.

Hali ya kwanza ni skrini kuzimika peke yake. Hapa kichakataji, yaani kile kiungo kinachofanya hesabu, kinaendelea na kazi kama kawaida. Kioo tu ndicho kilichonyimwa umeme. Hali hii haina madhara yoyote kwa kazi, tena yafaa iruhusiwe, kwa sababu inaokoa umeme.

Hali ya pili ni usingizi mwepesi. Kichakataji kinasimama, nayo diski inasimama. Kumbukumbu ya muda peke yake ndiyo inayopewa umeme kidogo ili isisahau ilichokuwa imeshika. Mtu akigusa kibodi, kompyuta huamka katika sekunde chache na kazi huendelea pale ilipokomea. Katika kompyuta mpya nyingi usingizi huu hufanywa kwa namna tofauti kidogo, lakini kwa mtumiaji matokeo ni yale yale: kazi ndefu husimama.

Hali ya tatu ni usingizi mzito. Kompyuta hunakili yote yaliyomo katika kumbukumbu ya muda, huyaandika katika diski, kisha hujizima kabisa. Ikiwashwa tena huyasoma maandishi hayo na kurudi katika hali iliyokuwa nayo. Hali hii haihitaji umeme hata kidogo.

Hali ya nne ni kuzimika. Kumbukumbu ya muda hupoteza kila ilichokuwa imeshika. Kilichobaki ni kile tu kilichokuwa kimekwisha kuandikwa katika diski.

Tofauti kati ya hali hizi yaweza kufupishwa hivi: usingizi huiba muda, na kuzimika huiba kumbukumbu. Lakini kuna kazi ambazo muda wake ukiibwa haurudishiki. Tuseme kompyuta imeunganishwa na kipimo cha kina cha maji ziwani, na inaandika kina hicho kila dakika. Maji ya ziwa letu yalipanda sana Mei 2020, yakapanda tena Mei 2024. Kompyuta ikilala saa sita katika siku kama zile, saa sita hizo zimepotea milele, maana ziwa halitarudia kupanda ili tu tulipime. Kadhalika, faili linalopokewa kutoka mbali laweza kukatika katikati, na diski ya nje iliyochomekwa kwa waya yaweza kutotambulika tena baada ya kompyuta kuamka.

MLINZI ASIYEIONA KAZI

Kompyuta hujuaje kwamba haina kazi? Hapa ndipo penye chanzo cha mkanganyiko mwingi.

Fikiria mlinzi wa mashine ya kusaga aliyeambiwa: "Usipomwona mtu mlangoni kwa muda wa dakika 30, zima mtambo." Mlinzi huyu hakuambiwa asikilize kama jiwe linazunguka. Mwenye mahindi akimwaga debe zake tano na kwenda sokoni, mlinzi atahesabu dakika 30, atauzima mtambo, na mahindi yatabaki nusu punje, nusu unga. Mlinzi hana kosa, kwani ametii amri.

Ndivyo ilivyo kompyuta katika mipangilio yake ya kawaida. Kwanza kabisa huhesabu muda uliopita tangu kibodi au kipanya kiguswe mara ya mwisho. Kichakataji chaweza kuwa kinafanya kazi kwa nguvu zake zote, lakini kama programu inayokitumia haikupeleka ombi maalumu la kusema "tafadhali usilale", kompyuta yaweza kulala. Programu za kuonyesha filamu hupeleka ombi hilo, na ndiyo maana kompyuta hailali katikati ya picha. Lakini programu ya hesabu aliyoiandika mwanafunzi mwenyewe haipeleki ombi lolote, kwa sababu mwandishi wake hakujua kwamba ombi hilo lipo.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nilisomea shahada yangu ya uzamivu ng'ambo, katika mji ambao kwa miaka minne sikuona umeme ukikatika hata mara moja. Kompyuta za idara zilipangwa zisilale, nasi tulizipa kazi za siku tatu au nne bila wasiwasi. Programu zetu zilihesabu tangu mwanzo hadi mwisho, zikaandika majibu mara moja tu, mwishoni. Sikupata kujiuliza kama huo ni ujuzi au ni bahati ya mahali.

Niliporudi nyumbani nilimsimamia mwanafunzi aliyekuwa akichunguza halijoto ya maji ya ziwa kwa vina mbalimbali. Hesabu yake ya mwisho ilikadiriwa kuchukua saa 50, naye alitakiwa kukabidhi kazi Jumatatu saa 6 mchana. Aliianzisha Ijumaa saa 11 jioni katika kompyuta mpakato iliyochomekwa ukutani, data ikiwa katika diski ya nje. Nilimwelekeza mwenyewe: "Nenda kwenye mipangilio ya umeme, uiambie isilale kamwe." Akafanya hivyo, nasi tukaondoka.

Jumapili saa 10 alfajiri radi ilipiga na umeme ukakatika. Kompyuta ilikuwa na betri nzuri, lakini sikumwambia kijana jambo moja: mipangilio hiyo ni miwili. Uko mmoja wa wakati kompyuta inapokula umeme wa ukutani, na mwingine wa wakati inapokula betri. Sisi tulibadili ule wa ukutani tu. Mara umeme ulipokatika, kompyuta ilihamia katika sheria za betri, ikahesabu dakika chache, ikalala. Tulipoiamsha Jumatatu asubuhi, programu iliendelea kwa sekunde moja, ikaitafuta diski ya nje, ikaikosa, ikasimama. Hesabu ya saa 35 ilikuwa yote katika kumbukumbu ya muda. Katika diski hapakuwa na hata mstari mmoja.

Kijana yule alihitimu mwaka uliofuata badala ya mwaka ule. Hakunilaumu, bali alisema tu, "Mwalimu, ni radi." Lakini radi haikuwa na hatia, kwa sababu radi za alfajiri zilikuwapo kabla ya mimi kuzaliwa. Aliyepaswa kuziweka katika hesabu ni mimi.

UKUTA WA KWANZA: KUIZUIA ISILALE

Kutokana na kisa hicho nimejizoeza kufikiri juu ya kuta tatu za ulinzi. Ukuta wa kwanza ni mipangilio ya kompyuta yenyewe. Kabla ya kuiacha kompyuta na kazi ndefu, yafaa kuhakikisha mambo yafuatayo:

1. Muda wa kulala uwekwe kuwa "kamwe", katika mpangilio wa umeme wa ukutani na ule wa betri pia. Skrini iachwe izimike.

2. Kama kompyuta ni mpakato, kifuniko chake kisifungwe. Katika kompyuta nyingi kufunga kifuniko ni amri ya kulala inayojitegemea, na haijali muda uliouweka.

3. Masasisho ya programu kuu yaahirishwe. Kompyuta za Windows huweza kujizima na kujiwasha zenyewe usiku ili kukamilisha masasisho, lakini zinaruhusu yasimamishwe kwa muda. Usisahau kuyaruhusu tena kazi ikiisha, maana masasisho hayo huziba mianya ya wezi na virusi.

4. Waya wa chaja ukaguliwe. Wakati mwingine kompyuta inayodhaniwa kula umeme wa ukutani hula betri, kwa sababu swichi ya ukutani haikuwashwa.

Kwa wale wanaopenda kuandika amri, katika kompyuta za Apple amri ya caffeinate, iliyopewa jina kutokana na kile kiini cha kahawa kinachomfukuzia mtu usingizi, huizuia mashine isilale kwa muda wa kazi moja tu. Katika mifumo mingi ya Linux amri ya systemd-inhibit hufanya hivyo hivyo. Katika Windows amri ya powercfg /requests, ikiandikwa na mwenye mamlaka ya msimamizi wa mashine, huonyesha ni programu zipi zimeomba kompyuta isilale. Faida ya caffeinate na systemd-inhibit ni kwamba kazi ikimalizika katazo huondoka lenyewe, nayo mashine hurudi katika desturi yake.

UKUTA WA PILI: UMEME WA AKIBA

Hakuna mpangilio unaoweza kuiwasha kompyuta isiyo na umeme. Wasomaji wetu wanaukumbuka mgao wa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wenye uwezo wa megawati 235, ulipoanza kazi mwaka 2024, hali ilianza kuwa nafuu. Lakini hata taifa lenye umeme wa kutosha haliwezi kuamuru radi isipige nguzo, wala tawi la mwembe lisiangukie waya. Kuwa na umeme wa kutosha ni jambo moja, na umeme usiokatika ni jambo jingine.

Kompyuta ya mezani hukingwa kwa kifaa chenye betri ambacho maofisini huitwa UPS. Tuupime uwezo wake kwa hesabu. UPS ndogo huwa na betri ya volti 12 na ampea-saa 7. Nishati yake ni:

12 × 7 = wati-saa 84.

Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yaweza kula wati 120. Kwa hiyo muda wake ungekuwa 84 ÷ 120 = saa 0.7, yaani dakika 42. Huo ni muda wa karatasini. Betri ya risasi na asidi ikitumiwa kwa kasi hutoa nishati pungufu kuliko ile iliyoandikwa juu yake, na tena kuna nishati inayopotea katika kuugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani. Kwa kweli mtu asitegemee zaidi ya robo saa au dakika 20, na betri ikichakaa hata dakika tano ni nyingi. Kazi ya kifaa hiki, basi, ni kumpa mtu, au programu maalumu, nafasi ya kuhifadhi kazi na kuizima mashine kwa utaratibu. Mtu asitarajie kitaipitisha usiku mzima.

Kompyuta mpakato ina akiba yake ndani. Betri ya wati-saa 50 katika mashine inayokula wati 12 hudumu saa nne hivi. Lakini ikipewa hesabu nzito yaweza kula wati 40 au zaidi, na saa nne hizo zikawa saa moja na robo. Ziko kazi chache ambazo hazifai kuanzishwa kabisa bila akiba ya umeme. Mojawapo ni kusasisha programu ya msingi iliyo katika bodi kuu ya kompyuta. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mashine yaweza isiwake tena.

UKUTA WA TATU: KUWEKA AKIBA YA KAZI

Ukuta wa kwanza hubomolewa na kusahau, na wa pili hubomolewa na betri iliyochoka. Ukuta wa tatu ni kuipanga kazi ili kukatika kwake kusiwe msiba. Kila baada ya muda fulani programu iandike katika diski mahali ilipofikia. Ikianzishwa tena, isome maandishi hayo na kuendelea kutoka pale.

Tuone faida yake kwa hesabu. Tuchukulie kwamba kazi inahitaji saa 30, na kwamba kwa wastani hukatizwa mara moja kila baada ya saa 15, bila mpangilio maalumu. Kanuni za uwezekano zinaonyesha kwamba uwezekano wa kupita saa 15 bila katizo ni 0.37 hivi. Uwezekano wa kupita saa 30 ni 0.37 × 0.37, yaani 0.14 hivi. Maana yake ni kwamba katika majaribio saba, moja tu ndilo litakalofika mwisho. Mtu asiyeweka akiba, anayeanza upya kila anapokatizwa, atahitaji kwa wastani saa 96 hivi ili kumaliza kazi ya saa 30.

Je, akiba iwekwe kila baada ya muda gani? Ikiwekwa mara chache mno, katizo likija hasara ni kubwa. Ikiwekwa mara nyingi mno, kompyuta itashinda ikiandika badala ya kuhesabu. Mwaka 1974 John W. Young alichapisha jibu fupi la swali hili. Mwaka huo huo serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kuondolewa baadaye. Si ajabu, basi, kwamba wengi wetu tulichelewa kulisikia jibu lenyewe.

Tuite D muda unaotumika kuandika akiba moja, M muda wa wastani kati ya katizo na katizo, na T muda kati ya akiba na akiba. Sehemu ya muda inayopotea kwa kuandika ni D/T. Katizo likitokea, kwa wastani hutokea katikati ya kipindi, kwa hiyo kazi inayopotea ni T/2. Na kwa kuwa hutokea mara moja katika kila M, sehemu inayopotea ni T/2M. Jumla ya hasara ni:

D/T + T/2M

Sehemu hizi mbili zikizidishwa hutoa D/2M, kiasi kisichotegemea T. Mwanafunzi wa hisabati anajua kwamba namba mbili zenye zao lisilobadilika huwa na jumla ndogo kuliko zote pale zinapolingana. Kwa hiyo D/T = T/2M, na T² = 2DM. Muda unaofaa ni kipeuo cha pili cha 2DM.

Tuseme kuandika akiba huchukua dakika 2, na M ni saa 15, yaani dakika 900. Basi 2 × 2 × 900 = 3,600, na kipeuo chake cha pili ni 60. Akiba iwekwe kila baada ya dakika 60. Hasara kwa vipindi mbalimbali ni hii:

Kila dakika 10: asilimia 20.6
Kila dakika 30: asilimia 8.3
Kila dakika 60: asilimia 6.7
Kila dakika 120: asilimia 8.3
Kila dakika 240: asilimia 14.2

Kazi ya saa 30, ikiwekewa akiba kila saa moja, itakwisha kwa saa 32 hivi badala ya 96. Umeme ni ule ule, radi ni zile zile, na kompyuta ni ile ile. Kilichobadilika ni mpango wa kazi.

Jambo moja la hadhari linahitajika hapa. Umeme waweza kukatika wakati akiba yenyewe inaandikwa, ukaacha maandishi nusu. Kwa sababu hiyo akiba mpya isiandikwe juu ya ile ya zamani. Yatumiwe mafaili mawili kwa zamu, ili daima pawepo moja lililokamilika. Seremala hakati tawi alilokalia.

Katika kanda yetu kazi za namna hii ni za kweli kabisa. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, iliyoundwa mwaka 1980, ina kituo chake hapa Mwanza. Tangu mwaka 1999 samaki wa Ziwa Victoria wamekuwa wakikadiriwa kwa mwangwi: chombo hupeleka sauti majini, na mwangwi unaorudi hutumiwa kukadiria wingi wa sangara na dagaa. Safari moja huleta data nyingi sana za kuchambua. Hata katika shule ya sekondari, mwalimu anayeingiza alama za madarasa manne siku ya mwisho ya kuzipeleka ana kazi ndefu mkononi. Naye pia, akihifadhi faili lake kila baada ya jina la kumi, hana sababu ya kuogopa giza.

JARIBIO LA DARASANI

Wanafunzi waandike programu fupi, kwa lugha ya Python au nyingine yoyote, inayoandika saa na sekunde katika faili kila baada ya sekunde 10, na kulifunga faili kila inapoandika ili maandishi yasibaki njiani kwenda diski. Kompyuta iwekwe ilale baada ya dakika 2, kisha isiguswe kwa dakika 15. Ikiamshwa, faili lisomwe. Katika mashine nyingi wataona pengo: sekunde zinafuatana vizuri, kisha dakika kadhaa hazipo. Jaribio lirudiwe skrini peke yake ikiwa imeruhusiwa kuzimika, na mara ya tatu chaja ikiwa imechomolewa. Jedwali la matokeo matatu litafundisha zaidi ya maelezo yangu.

TAHADHARI

Kompyuta isiyolala isiachwe hivyo daima. Kazi ikiisha, mipangilio irudishwe. Mashine inayofanya hesabu nzito hutoa joto. Isiwekwe juu ya godoro wala kitambaa, bali juu ya meza ngumu yenye hewa. Mwenye kuondoka aifunge skrini kwa neno la siri: kufunga huko hakusimamishi kazi, bali humzuia mpita njia. Na usiku wenye radi nyingi, kama kazi ina akiba diskini, ni heri kuizima mashine na kuchomoa waya ukutani. Yule aliyeweka akiba ndiye tu anayeweza kufanya hivyo bila kuumia.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya skrini kuzimika, usingizi mwepesi, usingizi mzito na kuzimika kabisa. Ni katika hali ipi kati ya hizo ambapo kazi haisimami?

2. Kuandika akiba huchukua dakika 3, na umeme hukatika kwa wastani mara moja kila saa 40. Tafuta muda unaofaa kati ya akiba na akiba.

3. Uwezekano wa umeme kutokatika katika saa moja ni 0.9. Tafuta uwezekano wa kazi ya saa 6 kumalizika bila katizo.

4. Betri ya wati-saa 84 inatumiwa kuwasha kifaa cha intaneti kinachokula wati 12. Ikiwa ni nusu tu ya nishati hiyo inayopatikana, kifaa kitadumu saa ngapi?

5. Katika kisa kilichosimuliwa, taja makosa matatu yaliyofanywa na msimamizi. Ni lipi kati ya hayo ambalo, kama lingeepukwa peke yake, lingetosha kuzihifadhi saa 35 za hesabu?